MASHINE NA KAZI ZETU: KUTOKA KORONA YA MKONGE HADI TRENI YA UMEME

Najua niliahidi leo tumalizie chakula cha mtoto wa miezi 6. Tutamalizia wiki ijayo, maana kuna swali limenikaa kichwani tangu Jumatatu.

Dada mmoja wa hapa Kilosa aliniuliza hivi: “Nesi, huyu wangu mkubwa amemaliza form four. Baba yake anataka tumpeleke akasomee utunzaji wa stoo. Mimi nasikia kazi hizo siku hizi zinafanywa na kompyuta. Tusije tukauza shamba bure.”

Kuuza shamba si mchezo. Nikamwomba anipe siku mbili tatu. Wale wa siku nyingi humu mnajua nikiulizwa jambo la kesho huwa naanzia jana, na safari hii jana yenyewe iko hapa hapa wilayani kwetu. Watu wa Kilosa wameshaingiliwa na mashine kazini zaidi ya mara moja, na kila mara kampuni ilijipanga upya. Nimeligawa somo vipande vinne. Soma ukiwa unanyonyesha, hakuna haraka.

(1) KAMBA

Tuanze mbali kidogo, Marekani. Zamani ngano ikishakatwa, watu walipita nyuma wakiikusanya na kuifunga matita kwa mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1870 bwana mmoja anaitwa John Appleby akatengeneza kifaa kinachofunga fundo chenyewe. Mashine moja ikawa inakata ngano, inaikusanya na kuifunga kamba. Wale waliokuwa wakifunga, kazi ikaisha.

Lakini mashine ile ilikula kamba kwelikweli. Kamba itoke wapi? Kwanza Mexico, baadaye kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika mizima 62 tu upande wa Tanga. Miche hiyo 62 ndiyo ilizaa mashamba yaliyotanda mpaka huku kwetu Kimamba na Rudewa.

Umeona hapo? Mashine iliyoondoa watu shambani Marekani ilikuja kuwaweka watu wengine shambani Kilosa. Swali ni waliwekwa kwa namna gani.

Waliitwa manamba. Si jina la kabila, ni namba. Mtu alitolewa kwao, Kigoma, Njombe au Songea, akaandikwa namba, akapewa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mpaka zote zijae ndipo unalipwa. Ukiugua, siku haihesabiwi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya pamoja ya kutafuta vibarua, ikaitwa SILABU. Wazee wengi wa Kimamba ukiwauliza babu alifikaje huku, hadithi inaanzia kwenye treni na namba.

Sasa mashine ya hapa. Iliitwa korona. (Ndiyo mama, korona. Mwaka 2020 tulipoanza kufundisha kunawa mikono, kuna bibi alinicheka, akasema yeye korona ameijua tangu akiwa mwali, na iliyomuua shemeji yake ilimkata mkono kwanza.) Korona ni mashine kubwa yenye magurudumu ya vyuma yanayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki singa. Kwenye kilo 100 za majani unapata singa kama kilo 4 tu, zinazobaki ni maji na makapi. Na jani likishakatwa halingoji, lisipopita mashineni mapema singa zinaharibika.

Hapo ndipo ukubwa wa kampuni ulipojengeka. Korona ikiwashwa lazima ilishwe. Kukata jani kulibaki kazi ya kisu na mkono, kwa hiyo walihitajika wakataji wengi sana, na juu yao nyapara wa kuwasukuma, na juu ya nyapara karani wa kuhesabu vifungu na kujaza kipande, na juu kabisa meneja Mzungu kwenye nyumba ya kilimani. Huku chini kulikuwa na waanikaji wa singa, wengi wao wanawake, ambao majina yao mara nyingi hayakuandikwa popote.

Karani ndiye mtu wa kumtazama. Hakuwa na nguvu kuliko wengine. Alijua kusoma na kuhesabu, basi. Kijana aliyepita shule ya misheni miaka minne aliweza kuingia ofisini wakati baba yake yuko shambani na kisu. Huo ulikuwa mlango mwembamba, ila ulikuwepo.

Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa kama tani 230,000 za mkonge. Halafu ikaporomoka. Serikali ilitaifisha mashamba mengi mwaka 1967 na watu wanapenda kusema hicho ndicho kilichoua mkonge. Kilichangia, sikatai. Lakini bei ilikuwa imeshaanza kuanguka kabla, kwa sababu huko nje viwanda vilianza kutengeneza kamba ya plastiki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Mkataji wa Rudewa hakuwahi kuiona mashine iliyomwondoa kazini. Haikuletwa Rudewa, ilikuwa ng'ambo. Karani naye akaondoka pamoja na watu aliokuwa akiwahesabu.

(2) RELI

Hapa nitakaa kidogo, maana Kilosa bila reli ni kama uji bila sukari.

Kabla ya reli, mizigo ya njia ya kati ilibebwa vichwani na mabegani. Msafara ulikuwa na wapagazi, na mbele yao kirangozi anayejua njia, maji yako wapi na nani wa kumsalimia. Ile nayo ilikuwa kampuni kwa namna yake. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, na 1914 wakafika Kigoma. Mpagazi na kirangozi wakaisha njia hiyo.

Reli ilihitaji watu wa aina nyingine. Fikiria injini ya mvuke. Siyo bodaboda, unapiga kiki unaondoka. Maji yalichemshwa saa kadhaa kabla ya safari. Kuna watu kazi yao ilikuwa kufuta masizi na kutia grisi. Kuna mchochea moto, anayekaa na dereva safari nzima akilisha moto, mwanzoni kuni, baadaye mafuta mazito. Halafu ndiyo dereva.

Sikiliza vizuri hapa, ndiyo kiini cha post nzima. Hizo hazikuwa kazi tatu tofauti. Ilikuwa ngazi. Unaanza kwa kufuta, miaka inapita, unapanda kuchochea, unakaa pembeni ya dereva, unamwangalia anavyosikiliza mvuke, anavyopunguza mwendo kwenye kona. Ukifika zamu yako ya kuendesha umeshajifunza kwa macho na masikio. Kampuni ilikufundisha huku inakulipa, kidogo lakini inakulipa. Cheti hukuwa nacho.

Ngazi hiyo haikuwa ya haki, tusidanganyane. Tangu 1948 reli zetu ziliunganishwa na za Kenya na Uganda, na kazi zilipangwa kwa rangi: juu Wazungu, katikati Wahindi, chini Waafrika. Mwafrika angeweza kuchochea moto mpaka mvi zitoke, juu kukawa kumezibwa. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli kupitia chama chao cha TRAU, chini ya katibu wao Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Siku 82 bila mshahara! Mama mwenye watoto anajua hiyo maana yake nini. Wanaume walikaa nyumbani, wanawake wakabeba nyumba.

Uhuru ukaja, juu kukazibuliwa, vijana wetu wakaanza kupanda. Na katika miaka ile ile injini za dizeli zilikuwa zinaingia. Dizeli haina moto wa kuchochewa. Haina kundi la kufuta masizi usiku kucha. Haisimami kila mahali kunywa maji. Alibaki dereva na msaidizi wake, na fundi wa karakana ambaye sasa alitakiwa ajue umeme na kusoma michoro. Kazi za juu zilibaki, pengine na mshahara bora. Zilizokatwa ni zile za chini, walikokuwa wanaanzia wasio na shule.

Ndiyo maana ukikutana na wazee wawili wa reli, mmoja atakwambia dizeli iliwakomboa na masizi, mwingine atakwambia iliwaua. Wote wanasema kweli. Walikuwa sehemu tofauti za ngazi.

Upande wa stesheni mabadiliko yalikwenda polepole zaidi. Reli ya zamani ni njia moja, treni mbili zikikutana ni msiba. Kwa hiyo stesheni masta hakuruhusu treni iondoke mpaka aulize mwenzake wa stesheni ya mbele kama njia iko wazi, kisha anampa dereva kibali. Ina maana kila kistesheni kiliwekewa masta, wageuza njia, walinzi, na nyumba za familia zao. Katikati ya stesheni kulikuwa na magenge ya njia, kila genge na nyapara wake na kipande chake cha reli cha kutunza. Kilosa ilikuwa kubwa zaidi, maana hapa ndipo tawi la kwenda Mikumi na Kidatu linapochepuka, tawi la miaka ya 1960.

Mbele ya hao wote walikuwepo akina mama ambao hawakuajiriwa na reli, lakini waliishi nayo. Treni ikisimama, madirisha yanafunguka, ndizi, karanga, vitumbua, mahindi ya kuchoma. Watoto wangapi wa Kilosa wamelipiwa ada kupitia dirisha la treni? Hakuna meneja aliyewahesabu, kwa hiyo mpango ulipobadilika hakuna aliyewapa taarifa.

Kingine, msilaumu mashine kwa kila kitu. Jumuiya ilivunjika 1977 tukabaki na TRC yetu. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ikapewa asilimia 51, jina likawa TRL. Mwaka 2011 serikali ikairudisha. Mwaka 2017 sheria mpya ikairudishia jina la TRC. Kila mwenye mali mpya alikuja na mpango wake wa watu wangapi wanatosha. Mfanyakazi akipewa barua ya kupunguzwa haandikiwi kama ni mashine au ni mwenye mali. Anaandikiwa asante kwa utumishi wako.

Na kuna kazi ambazo mashine haikuzigusa kabisa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010, Mto Mkondoa ulipotoka na kuharibu nyumba na reli kati ya Kilosa na Gulwe, safari zilisimama kwa miezi. Mvua ya namna ile ikipita, baada ya matingatinga bado anatakiwa mtu mwenye sururu anayelijua tuta lile kama anavyoijua njia ya kwao.

(3) MIWA

Hapa kwa kifupi. Ukifika Mikumi ukaiacha barabara kuu ukaelekea Kidodi na Ruaha, unaingia kwenye miwa. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiwanda cha Ruembe, kilicho upande wetu wa mto, kilikuja 1976. Mwaka 1998 kampuni ikabinafsishwa kwa Illovo ya Afrika Kusini na wenzake, serikali ikabaki na sehemu.

Watu wakienda kule hutazama kiwanda, mitambo, moshi. Mimi nawaambia wamtazame mkulima wa nje. Muwa mwingi hautoki kwenye shamba la kampuni tu, unatoka kwa maelfu ya wakulima wadogo waliojiunga kwenye vyama. Huyo si mfanyakazi. Hana likizo ya uzazi wala zamu. Ila maisha yake yanaamuliwa na mizani ya kupimia lori na kipimo cha maabara kinachosema muwa wake una sukari kiasi gani. Zamani nyapara alikuwa mtu, unaweza kumlilia. Mizani hailiwi rushwa, hilo zuri, lakini pia huwezi kuiuliza kwa nini.

Na ukataji? Sehemu kubwa bado ni panga. Kiwandani vijana wachache wanaangalia skrini, shambani mamia wanatoka weusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa. Kampuni moja, karne mbili.

(4) TRENI YA UMEME, NA DIRISHA LA KADI

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar es Salaam mpaka Morogoro, na tarehe 25 Julai ikafika Dodoma. Tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Inapita kwetu, imetobolewa mahandaki kwenye milima, inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa. Mimi mwenyewe nimeipanda na sitaki kurudi kwenye basi.

Tiketi unakata kwenye simu. Ishara za njia zinaendeshwa kwa mitambo na kusimamiwa kutoka kituo kikuu, hakuna tena masta wa kistesheni anayepiga simu kuuliza kama njia iko wazi. Kazi mpya zipo: madereva, mafundi wa umeme, wa mawasiliano, wahudumu, walinzi. Nenda katazame wanaozifanya. Karibu wote wameingia na cheti mkononi. Anayefuta mabehewa leo anaweza kuwa ameletwa na kampuni ya usafi, siyo mtu wa reli, na kutoka kwenye fagio lake hakuna njia ya kufika kwenye usukani. Na madirisha hayafunguki. Kuna kiyoyozi.

Nisizungumzie wengine tu. Hospitali nako ni hivyo hivyo. Mfumo wa MTUHA ulituletea vitabu vikubwa miaka ya 1990, na mpaka nilipoanza kazi mwisho wa mwezi bado tulikaa kuhesabu vistari: wajawazito wangapi, waliojifungua wangapi, watoto wangapi wamepimwa uzito. Siku hizi taarifa zinaingia kwenye kompyuta, na vituo vingi vina GoTHOMIS, ambayo inamsajili mgonjwa, inatoa bili, inaonyesha dawa zilizobaki. Nausifu mfumo huo. Kabla yake nimeona mama akizungushwa kutafuta kadi mpaka uchungu unafika.

Lakini kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi kulikuwa na mama mhudumu wa siku nyingi, dirisha la kadi lilikuwa lake. Ukimtajia jina la mgonjwa anakwenda moja kwa moja kwenye kabati, hata kama faili ni la miaka sita nyuma. Kompyuta zilipofungwa wakaletwa vijana wawili wa kuchapa, yeye akapelekwa kudeki wodi. Hakuna aliyekaa naye kumwelekeza hata namna ya kushika mausi. Nilikuwepo na sikusema kitu, nilikuwa mgeni, naogopa. Mtandao ukikatika wale vijana walikuwa wanamfuata wodini na ndoo yake, wanamwambia mama njoo utusaidie. Alikuwa anakuja. Mshahara ulikuwa ule ule wa kudeki.

Sasa yule dada na shamba lake. Nilimwandikia kwamba kazi ya stoo haijafa. Hata kwetu kompyuta inasema kuna chupa 40 za dripu, mtu lazima aende akahesabu, maana zinaweza kuwa 31. Kilichokufa ni ile ya kukaa na daftari na kalamu tu. Kwa hiyo kabla hawajauza chochote, waende chuoni wakaulize: kijana atafundishwa kwenye mifumo inayotumika kazini, au ataandikishwa notsi? Waliomaliza mwaka jana wako wapi, na walianzia kazi gani? Mafunzo ya vitendo atayafanya wapi, na chini ya nani? Wakijibiwa “mtaona mbele ya safari,” warudi nyumbani. Nikamwambia pia VETA Mikumi si mbali, wakaulize na huko kuhusu fundi umeme, kisha wapime.

Akanijibu jana usiku. Kumbe kijana mwenyewe ndiye anayetengenezaga redio na pasi za mtaa mzima, ila baba anaona umeme ni kazi ya kupigwa shoti, na stoo ni ofisi. Babu wa huyo baba alikuwa karani wa mkonge Kimamba, nyumbani picha yake bado imetundikwa ukutani, amevaa kaptula na soksi ndefu. Nikaelewa.

Wamekubaliana Alhamisi waende Mikumi wote watatu. Shamba halijauzwa.

Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa genge la njia, mchochea moto au mwanikaji wa singa, muulize alianzia wapi na nani alimfundisha, uniandikie. Chakula cha miezi 6 ni wiki ijayo, safari hii kweli.